Simu Niliyochelewa Kumpigia Nekesa

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya mwaka 2007 ninayoikumbuka hata nisipotaka. Uchaguzi wa Kenya ulikuwa umekaribia, na sisi tulioishi Manassas, huku Amerika, kwa kuwa hatukuweza kupiga kura, tulipiga simu nyumbani. Kila mmoja aliwaamuru watu wa kwao: wote upande mmoja, asibaki hata mtu. Mtoto aliye Amerika akisema, nani angembishia?

Jumamosi hiyo, tulipokusanyika mezani kupiga simu, rafiki yangu Nekesa, tuliyekula naye sahani moja tangu tufike, alikataa.

"Mimi mamangu nimemwambia afuate roho yake," akasema.

Nikamwita msaliti mbele ya watu, nikamwambia asije tena kwenye maombi yetu ya Jumapili. Alichukua koti lake akaenda.

Siku hizo nilikuwa namtunza bibi mmoja mzee wa dhehebu la Wamormoni kule mji wa Herndon. Januari, baada ya uchaguzi, nyumba zilipokuwa zikichomwa kwetu, nilimsimulia yote huku nikimchana nywele. Akasema wazee wake huko Illinois, miaka mia na sitini nyuma, walipiga kura kama mtu mmoja: kiongozi akionyesha, wengi wanafuata. Wanasiasa wakawabembeleza, kisha wakawaogopa. Mwishowe majirani wakawachomea nyumba, na wazee wale wakavuka mto mkubwa kwenye barafu na watoto wao.

"Waliotuchoma walitenda dhambi. Hakuna kura inayohalalisha moto," akasema. "Lakini sisi nasi hatukuuliza jirani anaogopa nini. Huyo rafiki yako, mama yake yuko salama?"

Sikujua. Nikasema nitampigia Jumapili, na Jumapili nikasema ijayo. Nilikuwa na aibu, na kiburi kidogo, nisikufiche. Nilipopiga, namba ilikuwa imekatwa. Wengine walisema amehamia Oxon Hill. Nilikwenda mara mbili, sikumpata. Nina hamu naye hadi leo, hamu ya kicheko chake kilichokuwa kikifanya chai impalie. Sijui kama mama yake alinusurika.

Majuto ni mjukuu, mwanangu. Kura mpe umtakaye, na kwenda pamoja na watu wako si kosa. Lakini mwenzako akienda kwingine, usimwondoe mezani. Na ukishamwondoa, mfuate kabla hajafika mlangoni.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kuomba msamaha, na akuwekee karibu yule unayepaswa kumwomba.