Vibuyu Viwili na 10,000,001

Athanasi simpendi, wala sitajifanya nampenda. Aliletwa kwetu Simiyu kukagua ufundishaji wa hisabati, na siku aliyofika shuleni kwetu, upande wa Zagayu, hata salamu hakumaliza. Aliuliza nani ameweka vibuyu darasani.

Ni Mwalimu Nyanjige. Miaka ishirini na sita anafundisha hisabati darasa la saba, na vibuyu vile viwili ni vya marehemu baba yake. Kwao ng'ombe hawakuhesabiwa kwa mdomo, ulikuwa mwiko. Asubuhi ng'ombe akitoka zizini, kokoto moja kibuyu hiki. Jioni akirudi, kokoto moja kibuyu kile. Vikilingana, hakuna aliyepotea. Nyanjige akaigeuza desturi hiyo kuwa somo la kugawanya kwa kumi na moja: kokoto za tarakimu ya kwanza kutoka kulia zinaingia kibuyu hiki, za ya pili kile, za ya tatu hiki tena, mpaka mwisho. Kokoto zikilingana, kumi na moja inaingia bila baki.

“Ushirikina,” Athanasi alisema. Akachukua chaki, akaandika 10,000,001. “Hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na yenyewe. Mwaka wa tatu naitoa kama mfano kwenye semina. Ukiigawanya, Mwalimu, baki na darasa lako. Ukishindwa, Jumatatu uko darasa la kwanza.”

Nyanjige alidondosha kokoto kibuyu cha kulia. Sifuri sita, mkono ukapita mtupu mara sita. Tarakimu ya nane, kokoto ikaangukia kibuyu cha kushoto.

“Wamerudi wote,” alisema. “Kumi na moja mara 909,091. Zidisha, Afisa.”

Alizidisha. Akarudia. Nilifurahi kumwona anatoka jasho, nakiri. Kisha akafuta sifuri moja, ikabaki 1,000,001.

“Na hii?”

Safari hii kokoto zote mbili ziliingia kibuyu kimoja. “Kumi na moja haiingii.”

“Basi hiyo ni tasa.”

“Sijasema hivyo. Vibuyu vinajua kumi na moja tu.” Akachukua chaki, akagawanya taratibu pembeni mwa ubao. “Jaribu mia moja na moja. Inaingia mara 9,901.”

Athanasi alifunga mkoba wake, akaondoka bila kuaga.

Jumatatu barua ilifika: Nyanjige ahamie darasa la kwanza, kwa kosa la kutumia zana zisizofaa. Ilihitaji saini ya mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu ni mimi. Nina watoto wanasoma, na cheo changu kiko mikononi mwa watu kama Athanasi. Nilisaini.

Nyanjige aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akavipakata vibuyu vyake.

“Mwalimu Mkuu,” aliniuliza, “ile namba ya Afisa niliyoigawanya bado ipo ubaoni?”

Haikuwepo. Nilikuwa nimeifuta mwenyewe asubuhi, kabla ya kusaini.