Nakala za Kila Ijumaa

Mara ya kwanza kompyuta ya nyumbani kwetu, mtaani Cheyo, ilipozimika, baba alikuwa katikati ya sentensi. Umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na uliporudi mara ya tatu kioo kilibaki cheusi. Aliniita toka chumbani kwake kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

Baba alikuwa bwana nyuki. Serikali ilimwajiri miaka mingi kuzunguka misitu ya Sikonge hadi Nzega, akiwafundisha watu kuvuna asali bila kuunguza mizinga. Alipostaafu alinunua kompyuta ya mezani, akaanza kuandika kitabu kuhusu miti ambayo nyuki huifuata: mtundu unachanua lini, muyombo lini, na asali ya kila mti ina ladha gani. Alikipanga kwa kufuata njia ya zamani ya misafara, kituo baada ya kituo. Alisema wapagazi walilala penye maji, na penye maji ndipo nyuki walipo. Mama alipofariki nilihamia kwake, kwa kuwa shule ninayofundisha haiko mbali. Nikawa namsikia akigonga vibonye kila asubuhi nikijiandaa kwenda kazini. Kukisoma kitabu hakuniruhusu.

"Asali haionjwi kabla haijaiva," aliniambia.

Fundi mmoja mwenye kibanda karibu na soko aliifufua kompyuta. Alipokuwa akinirudishia alinionya.

"Safari hii umebahatika, mwalimu. Ikirudia sikuahidi kitu. Tafuta programu ya kuhifadhi nakala."

Ilikuwa likizo. Nilikaa siku tatu mezani kwa baba nikijaribu programu, huku yeye akizunguka nyuma yangu kama mtu ambaye shamba lake linapimwa. Ya kwanza ilitaka kupeleka kila kitu mtandaoni. Kwa mtandao wetu ingechukua wiki nzima, na baba hakutaka kitabu chake kikalale kwa watu asiowajua. Ya pili ilikuwa nyepesi, lakini kila nakala mpya ilifuta ile ya zamani. Ya tatu ilikuwa nzito na sura yake haipendezi, ila iliweza kuirudisha kompyuta nzima, na ilitunza kila nakala peke yake pamoja na tarehe yake.

Nilimpigia kaka yangu aliyeko Mwanza. Yeye kazi yake ni hizo mashine.

"Chukua ya pili," alisema. "Unajaza diski na vitu vya zamani vya nini? Baba anahitaji kilicho kipya tu."

Nilichukua ya tatu. Sikuwa na hekima yoyote katika hilo. Ninafundisha hisabati, na mwanafunzi akiniletea jibu tupu namrudishia daftari anionyeshe njia. Tangu hapo, kila Ijumaa nikitoka shule nilichomeka diski ya nje, nikasubiri mstari wa kijani ufike mwisho, nikaichomoa na kuifungia kabatini. Niliona nimefanya wajibu wa mtoto kwa mzazi.

Mwaka ukapita, na zaidi. Baba alianza kusahau vitu vidogo. Alitia chumvi kwenye mboga mara mbili. Asubuhi moja nilimwamkia, "Shikamoo, baba," akanijibu kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kama anavyomsalimu mtu aliyekutana naye njiani. Nilicheka. Nilijiambia ni uzee, na kwamba mtu anayeandika kila siku akili yake haiwezi kuwa mbali. Vibonye viliendelea kugongwa. Kwangu mlio ule ulikuwa cheti cha daktari.

Kompyuta ilikufa kabisa mwanzoni mwa masika. Ilitoa mlio wa kokoto ndani ya kopo, kisha kimya. Fundi alikuja nyumbani, akaweka diski mpya, akanitazama nikichomeka ile ya nje. Programu ilifunguka na kuniuliza swali moja: nataka kurudi tarehe ipi? Chini yake kulikuwa na orodha ndefu ya Ijumaa zangu zote.

Nilichagua ya mwisho. Kompyuta ilirudi kama ilivyokuwa, hata ile picha ya mama kwenye kioo. Baba alikuwa amejilaza, nikaona nifungue kitabu kidogo tu, nihakikishe kimepona.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na neno "mtundu" limeandikwa mara nyingi, mstari baada ya mstari. Ukafuata mwanzo wa sentensi kuhusu kituo cha Lusu, kwamba nyuki wa Lusu, kwamba nyuki wa Lusu wana, kisha mwanzo uleule tena, na tena, kurasa nne. Katikati kulikuwa na orodha ya majina ya watu waliokwisha kufa.

"Fundi," nilisema, "programu imeharibu faili."

Aliinama, akakagua, akafungua picha na barua nyingine. Zote zilikuwa nzima. Alirudi kwenye kitabu na kukisoma kimyakimya, kisha akaondoa mkono wake kwenye kipanya.

"Nakala ni nzima, mwalimu," alisema taratibu. "Ndivyo ilivyoandikwa."

Alifungasha vifaa vyake akaniaga, nami nikaanza kurudi nyuma. Nilifungua Ijumaa moja, kisha iliyoitangulia. Mwezi mmoja nyuma, kurasa mbili tatu zilieleweka. Miezi mitatu nyuma, sura ya kituo cha Itetemia ilikuwepo mara tano, kila moja fupi kuliko nyingine. Nilirudi karibu mwaka mzima ndipo nikakutana na baba ninayemjua. Aliandika kwa sentensi fupi, zenye uhakika, zenye harufu ya moshi na nta. Ijumaa iliyofuata hiyo, sentensi moja tu ilikuwa imeachwa bila mwisho. Pale ndipo ilipoanzia. Siku ile nilikuwa nyumbani. Nilichomeka diski, nikasubiri mstari wa kijani, nikaenda kupika.

Nililia, lakini si kwa sauti. Ugonjwa wa baba ulikuwa mikononi mwangu wiki baada ya wiki, nikaufungia kabatini bila kuutazama hata mara moja.

Kaka hakusita nilipompigia. "Rudisha kile kizuri. Hicho kingine usimwonyeshe."

Nikarudisha kile kizuri. Asubuhi yake nilimwekea baba kiti na miwani, nikasimama mlangoni. Alisoma muda mrefu, midomo ikicheza. Alipofika kwenye mizinga ya magome alitikisa kichwa kwa kukubali.

"Huyu mtu anaijua misitu," alisema. "Ni wa hapa hapa?"

"Ni wewe, baba. Ni kitabu chako."

Alisoma tena mistari michache. Kisha uso wake ulikunjamana.

"Usinitanie, mama. Mimi nilikuwa nimefika Lusu. Hiki ni cha mtu mwingine. Changu mmekipeleka wapi?"

"Hakuna aliyekichukua, baba."

"Jana kilikuwa hapa!" Alipiga meza kwa kiganja. "Mnaninyang'anya kazi yangu nikiwa hai?"

Siku hiyo hakula. Ya pili alikunywa uji nusu kikombe, akakaa barazani akiwa ameipa nyumba mgongo. Siku ya tatu nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta iliyozimwa, akipapasa vibonye kama anayetafuta kitu kwenye mfuko wa mtu mwingine. Nilishindwa. Niliwasha, nikafungua programu, nikachagua ile tarehe ya mwisho, nikamrudishia kurasa zake nne za Lusu.

Alikaa. Akatazama. Mabega yake yalishuka.

"Ndiyo hii," alisema. Akaandika "nyuki wa Lusu wana," akasimama, akaanza upya.

Tulikwenda hospitali. Daktari alimuuliza ni siku gani, ni mwezi gani, akamwomba achore saa. Aliponigeukia na kuniuliza hali ilianza lini, nilimtajia tarehe. Alinitazama kwa mshangao. Alisema ndugu wengi hawawezi kuitaja. Sikumweleza niliijuaje. Alitupa dawa na kunieleza bila kuficha kwamba zitapunguza mwendo tu, hazitarudisha kilichokwenda.

Kaka alichapisha kile kitabu kizuri huko Mwanza, akaleta nakala kumi zilizofungwa vizuri. Moja ipo sebuleni. Wageni huifunua, wakamsifu baba, naye huwaitikia kwa adabu kama mtu anayesifiwa jirani yake. Kaka anaona tumeshinda. Mimi sijakisoma hadi mwisho. Nikifika mahali ambapo najua wiki iliyofuata kulitokea nini, nakifunika.

Niliendelea kuchomeka diski kila Ijumaa, sasa nikifungua kila nakala. Kurasa zilipungua. Lusu ikawa mistari, mistari ikawa herufi. Kisha ikaja Ijumaa ambayo programu ilimaliza kazi kabla sijavuta kiti. Iliandika kwamba hakuna kilichobadilika tangu nakala iliyopita.

Baba alikuwa barazani. Nilikaa karibu naye nikamuuliza kama leo hataki kuandika.

"Kuandika nini?" aliuliza. Kisha, kwa upole wa mwenyeji kwa mgeni, "Na wewe umetoka mbali? Wamekupa maji?"

Nilisema bado. Aliinuka kwa shida, akaingia ndani kunitafutia kikombe, na alipokuwa huko akasahau alichofuata. Nilisubiri kidogo, kisha nikamfuata.