Watoto wa Waya na Mizinga ya Sagalla

Kwa miaka miwili nilitukanwa na mwanamke aliyekuwa akinichagulia uzi mzuri kila wiki, na mwenyewe hakujua.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea nyumbani, Sagalla, na kila Jumanne nateremka Voi kwa bodaboda kununua vitambaa. Duka langu ni lile lile siku zote, la familia moja ya Kiislamu iliyotoka Pwani zamani. Anayeuza ni binti wa mwenye duka, rika langu. "Wataka mweusi tena, dada'angu?" huniuliza kabla sijafungua mdomo, maana nashona sketi za shule mwaka mzima. Hunipa kiti, huniuliza hali ya mama, kisha huvuta boksi la nyuma lenye uzi usiokatika ovyo. Mtu mwema kabisa.

Alasiri mtu mwema huyo akiingia kwenye gemu, ulimi wake unageuka wembe.

Gemu yenyewe ni ile ya simu ambayo ndege inawamwaga watu kisiwani, kila mmoja anaokota bunduki, na eneo la kuchezea linazidi kupungua mpaka ibaki timu moja. Wachezaji wa Taita Taveta tuna chumba chetu humo, tunasikiana sauti. Yeye ndiye nahodha wa timu ya Voi mjini, na sisi wa mlimani alitubandika jina: mizinga. Mashamba yetu yamezungushiwa mizinga ya nyuki inayoning'inia kwenye waya ili kuzuia ndovu, basi akapata pa kuanzia. "Watu wa Sagalla wakishatua, waning'inia pahali pamoja hadi mchezo uishe," alisema. "Waoga hao."

Kujificha tulijificha, sikatai. Lakini kwetu mtandao unakuja na kuondoka upendavyo. Ukikimbia nao ukakatika, gemu inakurudisha nyuma hatua kumi, na huko nyuma ndiko risasi zinakokusubiri. Aliyetulia harudishwi popote. Mwenye waifai dukani angeyajulia wapi hayo? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Nasi hatukuwa malaika. Tuliwaita watoto wa waya, tukasema ukichomoa waya wa waifai yao hawawezi kumpiga hata kuku. Watu wa Mombasa nao walituweka sote kapu moja, mjini na mlimani, wakatuita watu wa porini. Niliposikia Voi mjini ikiitwa porini nilicheka hadi machozi. Nyani haoni kundule.

Muda huo wote sikuwahi kufungua maiki, na jina langu la kwenye gemu halikuonyesha natoka wapi. Sauti yake niliijua tangu siku ya kwanza, ila yangu hakuwahi kuisikia humo. Nilichelea kuuharibu urafiki wa dukani. Na kusema kweli, nilikuwa na hamu kubwa kwamba siku moja anichague katika timu yake kwa uchezaji wangu, asiulize natoka wapi.

Jumamosi moja Voi ilikuwa icheze na Mombasa, na mmoja wa wachezaji watatu wa nahodha akazimikiwa na simu. Nahodha akaandika: "Nani yuko Voi na netwaki nzuri? Upesi."

Nikaandika, "Mimi."

Uongo mtupu. Niliiacha sketi chini ya sindano, nikapanda jiwe lililo juu ya shamba letu, mahali pekee ambapo mtandao unashika. Mama alikuwa chini anakagua mizinga.

"Unaenda wapi na jua hili?" akaniuliza.

"Vitani, mama."

"Basi ukirudi uje na kuni."

Tulitua kisiwani. Nilitaka sana wasijue mimi ni mzinga, kwa hiyo nikafanya ujinga ambao ni mtu wa Sagalla tu angeufanya: nikakimbia kama mtoto wa waya. Nilivuka barabara mbio, nikaona raha ajabu, kisha mtandao ukakatika. Uliporudi nilikuwa katikati ya barabara ile ile, nimeshaanguka, natambaa. Katika gemu hii aliyeanguka huweza kuinuliwa na mwenzake akifikiwa mapema. Nahodha alirudi kuniinua. Aliniinua, na alipogeuka tu watu wa Mombasa wakampiga yeye. Wale wenzake wawili wakafuata, mmoja baada ya mwingine.

Nikabaki peke yangu. Mombasa walikuwa wamebaki wawili.

Nikajilaza kwenye nyasi nyuma ya tangi la maji. Waliokufa huendelea kuona kioo chako na kukusemesha, na wote watatu walikuwa masikioni mwangu kwa pamoja. "Toka hapo," nahodha alikuwa anasema. "Kimbilia ile nyumba. Wafanya nini hapo, mwenzangu? Toka."

Nikikimbia, tumekwisha. Nikikaa, nimejulikana. Nilitazama chini shambani, nikamwona mama anakaza waya kati ya mzinga na mzinga, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Nikafungua maiki.

"Sitoki," nikasema. "Mimi niko Sagalla. Nikikimbia netwaki itanirudisha barabarani. Nyamazeni kidogo niwasikie hao Mombasa."

Wakanyamaza. Sijui kama ni kwa heshima au kwa mshtuko, ila wakanyamaza kweli.

Kwetu ukilinda shamba kuna jambo unafundishwa kabla ya yote: usigonge debe mpaka ujue ndovu wako wangapi. Ukimshtua ndovu wa mbele, wa nyuma wanatawanyika na kukuingilia shamba pande zote. Unamwacha wa mbele apite. Unakaa na hofu yako hapo ulipo, unahesabu.

Wa kwanza wa Mombasa alikuja kwa kishindo, akapita karibu nami kiasi kwamba niliona kamba za viatu vyake. Kila kitu mwilini mwangu kilisema piga. Nikamwacha. Akapita tangi, akasimama, akampungia mwenzake mkono, akidhani ni shwari. Wa pili akaja akitembea tu, bunduki chini. Nikampiga huyo. Wa kwanza akageukia nyumba, ile ile niliyokuwa nikiambiwa nikimbilie, akaimiminia risasi madirisha yote. Mtoto wa watu aliamini mchezaji wa Voi lazima awe ndani ya nyumba. Nikampiga mgongoni.

Kelele zilizotoka kwenye simu zilimfanya mama ainue kichwa. Nilikuwa nimesimama juu ya jiwe, nacheka na kulia, sina habari na jua wala kuni. Katikati ya kelele zile nahodha akawanyamazisha wenzake.

"Sauti hii naijua," akasema. "Si wewe wa uzi mweusi?"

"Ndimi."

"Na siku zote hizi wanisikia."

"Nilikuwa nakusikia."

"Basi nisamehe, dada'angu. Jumanne ukija, njoo na chaja."

Siku hizi kila Jumanne nikishanunua uzi napita nyuma ya kaunta, nakaa juu ya robota la vitambaa, nacheza kwa waifai ya duka. Raha yake haisemeki. Nakimbia ninavyotaka, navuka barabara zote, na sirudishwi nyuma hata hatua moja. Timu ni yangu, kiti ni changu, na nahodha hunitania kwamba nimekuwa mwepesi kuliko watu wa mjini.

Jumanne iliyopita tulimjaribu mchezaji mpya kutoka Rukanga, kule chini ya mlima Kasigau. Tulipotua, akajibanza nyuma ya ukuta, akatulia. Tukamwita, hajibu. Tukasonga mbele, yeye yuko pale pale. Nilikuwa na haraka, damu imechemka, na maiki yangu ilikuwa wazi.

"Huyu naye ni mzinga tu," nikasema. "Tumwache hapo aning'inie."

Wale wawili wakacheka. Nahodha, aliyekuwa amekaa mkabala nami akipima kitambaa cha mteja na siku hiyo akitutazama tu kwenye simu iliyoegemezwa kwenye kikokotoo, hakucheka. Aliweka mkasi chini, akanitazama.

"Nyamazeni kidogo," akasema, "tumsikie."