Mkwe Dirishani

Ukuta wa nyuma wa nyumba ya Klara ulianza kutoa jasho tangu masika. Kwanza rangi ilivimba, kisha ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na mwishowe udongo wa chini ya msingi ukawa tope hata siku za jua. Huko Gare nyumba nyingi zimekaa ubavuni mwa mlima. Ukuta wa upande wa bondeni ukilegea, nyumba nzima huufuata.

Mwanawe Alen alipopanda kutoka Korogwe kumsalimia, alitia kidole kwenye plasta, kikazama.

"Mama, Jumapili nakuja na gari. Utakaa kwetu mpaka tujenge upya."

"Korogwe, na joto lile? Nitaiva kabla ya Noeli!"

"Basi hilo bafu lako la nyuma ya ukuta huu liache kuvuja. Nikikuta tope, tunaondoka."

Klara alikubali kwa mdomo tu. Hayo "mpaka tujenge upya" aliyajua. Jirani yake wa juu alishushwa mlimani kwa maneno hayohayo, na sasa majani yalikuwa yamefika kwenye kitasa cha mlango wake.

Fundi wa bomba alikuwapo, tena hodari, ila alikuwa Rubeni, mume wa binti yake Glory. Na bafu lile mlango wake ulikuwa ndani ya chumba cha kulala cha Klara. Kwao mkwe hakanyagi chumba cha mama mkwe. Hata kikiwaka moto, atasimama nje arushe maji. Mafundi wengine walikuwa Lushoto mjini wakijenga nyumba za wageni, kila mmoja akisema "kesho, mama". Glory mwenyewe, ambaye angeweza kuingia badala ya mumewe, alikuwa na kichanga mgongoni na homa juu yake.

Alhamisi asubuhi Klara akasikia kikohozi cha adabu nje ya kidirisha cha bafu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umesimama wapi?"

"Hapa chini. Nimekupa mgongo, naangalia migomba."

"Iangalie, lakini usinihesabie ndizi."

Rubeni akacheka, kisha akamwomba amwage ndoo ya maji. Maji yaliingia vizuri kwenye chujio la sakafuni, lakini huku nje yalichungulia chini ya ukuta kabla hayajatoka mwisho wa bomba.

"Tatizo liko chini ya chujio, mama. Itabidi livunjwe."

"Nani avunje?"

Mkono ukapitisha tindo na nyundo dirishani, mwenyewe akiwa bado ameangalia migomba.

Klara alijifunga kanga kiunoni, akapiga magoti.

"Mama, kwa heshima yako, naomba kama hutajali upige taratibu kuzunguka—"

"Rubeni! Sema 'piga'! Ukiniomba hivyo, tutafika Pasaka."

"Piga, mama!"

Akapiga. Vipande viliruka, kimoja kikamgonga kidevu, akaendelea. Chujio liliponyanyuka, aliingiza kidole chini yake, kikaelea hewani. Bafu lilikuwa limejengwa juu ya kifusi. Kifusi kilikuwa kimeshuka, kikashuka na bomba, na pengo la vidole vitatu likabaki kati yake na chujio. Kila alipooga, nusu ya maji ilikuwa ikinywewa na nyumba.

Rubeni alipitisha kipande cha bomba, soketi na gundi. Alimwelekeza afute pakauke kabisa, apake, asukume, ashikilie bila kutikisa.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nikuambie."

"Nitasali Salamu Maria. Nikimaliza naachia."

"Sali polepole, mama."

Akasali polepole, akaongeza na Baba Yetu. Rubeni akapitisha mawe na zege dirishani, Klara akavishindilia kuzunguka bomba. Ilipofika saruji ya juu, Rubeni akaanza kueleza jinsi sakafu inavyopaswa kulala ili maji yafuate chujio.

"Hilo niachie," Klara akamkata. "Nimeongoza maji kwenye matuta ya kabichi tangu hujazaliwa." Akailaza sakafu kwa mwiko na kiganja, kama anavyolaza mfereji.

Siku zilizofuata, saruji ikikauka, alioga kwa beseni uani. Jumapili, baada ya misa, alimwaga majivu makavu ya jikoni kwenye ukingo wote wa ukuta. Alen alipofika, buti la gari likiwa tupu, Klara alimchuchumalisha pale.

"Ukiona jivu limelowa, nafunga mzigo mwenyewe."

Akaingia ndani, akafungua bomba la mvua, akaoga. Hakujinyima: alisugua visigino, akaimba. Nje, maji ya sabuni yalitoka mwisho wa bomba, yakaenda kwenye migomba. Alen alipapasa jivu huku na huku. Lilimrukia puani, akapiga chafya.

"Limelowa?" sauti ikauliza toka ndani.

"Kavu, mama. Ila ukuta wenyewe bado una maji."

"Utakauka kiangazi. Nitakuwapo kuuangalia."

Alen alijipangusa mikono. "Rubeni aliingia vipi humo?"

"Aingie? Yeye alishika dirisha, mimi nilishika nyundo."

"Kumbe nimezaliwa na mgosi!" Alen alisema, kwa lile neno la Kishambaa la mwanaume wa shoka, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Nao ukamshikilia.

Jioni gari lilishuka Korogwe na viazi, kabichi na gunia la peasi. Klara aliusukuma mlango wa buti mwenyewe, kanga ikiwa bado na maji ya kuoga.