Saa ya Raundi

Kaka yangu alinipiga kwa raundi. Alikuwa bondia wa ukumbi wa mtaa, Shauri Moyo, na nidhamu ya ulingoni hakuiacha mlangoni. Alibonyeza saa yake ya kupimia raundi, akanipiga; muda ukiisha aliniacha nikae, akanipa maji ninywe, kisha akaanza tena. Majirani walisikia. Walisema mambo ya ndugu hayaingiliwi, wakaongeza sauti ya redio. Nawachukia mpaka leo.

Ndiyo maana kazi ile niliitaka kuliko chakula. Chuo nilichosomea kompyuta, ghorofani juu ya duka la misumari, kilihitaji mwalimu msaidizi, na msaidizi angepewa chumba cha nyuma cha kulala. Tulibaki wawili: mimi na kijana mmoja wa mtaa wa Fedha aliyejaa maringo. Mwenye chuo akaamua kila mmoja aandike programu ya kupanga majina ya wafanyakazi wa kiwanda kwa alfabeti. Itakayomaliza upesi zaidi, mwandishi wake ndiye atakayepata kazi. Saa ya ndani ya kompyuta ilikuwa imekufa betri, basi mimi nikaleta ile ya kaka bila kumwomba.

"Programu ikianza, hakuna mtu anagusa meza," mwenye chuo akatuonya.

Ya mwenzangu ilitangulia. Muda wake ukaandikwa ubaoni kwa chaki. Kisha ikaanzishwa yangu. Kitufe cha turbo, kile cha kuongezea mashine mwendo, kilikuwa kimebonyezwa na taa yake ndogo inawaka. Nilijua nitamshinda. Programu yake ilirudia kupitia majina yaliyokwisha kupangwa, kama mama anayechambua mchele uliokwisha chambuliwa. Yangu haikuwa na upuuzi huo.

Mlango ukapigwa teke.

"Nani alikushow ushike vitu zangu?" kaka akauliza, tena kwa upole. Ngumi ya kwanza ikanipata tayani, ya pili mbavuni, ya tatu ikanitupa juu ya mashine. Mdomo ukajaa damu. Mwenye chuo hakuinua macho kutoka kwenye saa. Kijana wa Fedha alijibanza ukutani. Nikainua kichwa, nikaona taa ya turbo imezimika. Bega langu lilikuwa limekigonga kile kitufe, na sasa programu ilikuwa inakokota miguu.

Kaka aliendelea kunipiga mgongoni. Sikulia. Nilikuwa natazama skrini.

Ilipomaliza, mwenye chuo akalinganisha muda wangu na ule wa ubaoni. "Umeshindwa," akasema. "Na meza umegusa."

Nakumbuka hasira ile kuliko maumivu. Sikumkasirikia kaka peke yake. Nilimkasirikia na yule mzee aliyetazama mtu akivunjwa mbavu, halafu akasoma saa. Nikanyakua kiti cha chuma nikampiga kaka gotini. Nikampiga tena palepale. Goti likalia, naye akarudi nyuma mpaka nje ya mlango, akaporomoka ngazi. Nikamgeukia mwenye chuo, kiti kikiwa bado juu.

"Mwalimu, pima tena."

"Binti, sheria ni..."

"Pima."

Akapima. Nilibonyeza turbo kwa kidole chenye damu, nikaenda kusimama mlangoni, mgongo kwenye mashine. Chini kaka alikuwa anaanza kupanda ngazi kwa mikono na goti moja, akitukana. Mwenye chuo alitaja muda wangu kwa sauti ndogo, na kijana wa Fedha akaufuta wa kwake ubaoni bila kuambiwa.

"Kazi ni yako," mzee akasema.

Kaka alikuwa amefika katikati ya ngazi. "Tutamalizana home," akaniambia.

"Home ni kwako," nikamjibu. "Mimi nalala hapa."