Bei ya Kibogoyo

Mfaume wa Ng'ambo hajalipa bei ya kwanza tangu apate akili. Akitajiwa fungu la nyanya shilingi elfu moja, huvuta kiti akae. Hata mahari yake mwenyewe aliipunguza mbele ya washenga, akatoka pale kifua mbele kama mtu aliyeshinda kesi. Mkewe, Tunu, hakuwahi kulizungumza jambo hilo. Akikasirika tu, humwita Bwana Punguza.

Kwa tabia hiyo hiyo alinunua seva isiyo na prosesa. Ofisi moja ya mjini ilikuwa inaondoa mashine zake kuukuu. Zilizokamilika zilikuwa na bei ya kueleweka, lakini hii iliyokwisha kutolewa ubongo ilikaribia bure, naye akaipakia kwenye mkokoteni akipiga mluzi. Prosesa atatafuta, alijisemea. Miezi minne seva ikakaa kwenye kona ya studio yake, na Tunu akawa anaanikia michembe ya viazi vitamu juu yake.

Studio ni neno kubwa. Ni chumba cha mbele cha nyumba yao. Mfaume hupiga video za harusi, ubatizo na maulidi, kisha huzikabidhi kwa kompyuta yake ya zamani iziunge. Yeye huita kazi hiyo kupika. Kompyuta ilikuwa inapika polepole, lakini ilikuwa inapika, mpaka ilipofika jubilei ya Mzee Gerson.

Mzee Gerson na mkewe Gaudensia walikuwa wametimiza miaka hamsini ya ndoa. Mfaume alipiga saa saba nzima kwa kamera tatu. Kompyuta ilijaribu kuipika mara tatu, na kila ilipofika kwenye kukata keki ikazimika. Sasa ilikuwa Jumatano. Jumamosi mchana Bi Gaudensia angesafiri kwenda Ziba na video hiyo, kumwonyesha mama yake aliyevuka miaka tisini na asiyeweza tena kusafiri.

Bibi huyo ndiye aliyeipinga ndoa tangu mwanzo. Wazee walitaka ng'ombe kumi na wawili, Gerson akabishana siku mbili mpaka wakafika saba. "Anayepunguza bei ya binti yangu," bibi alisema, "atampunguzia na ugali." Gerson alisubiri nusu karne kumjibu.

"Mama mkwe hana siku za kusubiri," alimwambia Mfaume kwenye simu, "na mimi sina jubilei nyingine. Jumamosi ikipita, usinipe tena."

Mfaume aliuliza prosesa za seva mji mzima. Mafundi wote wakamwelekeza pahali pamoja: kwenye chuma chakavu cha Mzee Gerson.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Video yangu?"

"Iko jikoni."

"Wiki ya tatu iko jikoni. Unanipikia makongoro?"

Kabla ya chuma chakavu, Mzee Gerson alikuwa dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Ziba, na hakuwahi kuiacha kazi hiyo moyoni. Alimletea Mfaume kopo la maziwa lililojaa prosesa, akachukua moja na kuigeuza tumbo. Chini ilikuwa na vijipini mamia, vimesimama kwa safu.

"Huyu ana meno yote. Elfu sitini." Akachukua nyingine, tumbo lake tambarare, lina vidoa tu vya rangi ya dhahabu. "Huyu kibogoyo. Mzee huyu, hata majani hatafuni. Nipe kumi na tano, nisimwonee."

Mfaume alihisi masikio yakipata moto. Zile zenye meno zilikuwa za kompyuta za mezani za zamani, hazifai hata kuzuia mlango. Vibogoyo vilikuwa vinne, na vyote vilikuwa vya seva. Jozi moja ilikuwa na viini vinane, yaani wafanyakazi wanane, ndani ya kila prosesa, wepesi, lakini walaji wakubwa wa umeme. Jozi ya pili ilikuwa na kumi kumi, wa mwendo wa wastani, wanaoridhika na kidogo. Akawapima kama mkulima wa Goweko anayetafuta vibarua wa tumbaku: wanane wanaokimbia na kumaliza sufuria ya ugali, au kumi wanaotembea na kushiba mapema? Akakumbuka Tunu ndiye anayenunua umeme. Akachagua kumi.

"Kibogoyo kwa elfu kumi na tano, Mzee? Ataninyima usingizi huyu."

Walifika elfu kumi. Hapo tabia ikamshika. Seva ilikuwa na nafasi mbili za prosesa, lakini hata kwa moja ingewaka. Kwa nini atoe elfu ishirini wakati kumi inatosha? Akanunua moja, akaondoka haraka kabla mzee hajabadili mawazo.

Alhamisi asubuhi michembe ikahamishwa, seva ikawashwa, ikavuma mpaka jirani akachungulia. Video ikaanza kupikwa. Mfaume akasoma muda uliobaki: ingeiva Jumapili saa sita mchana.

Alirudi kwa Mzee Gerson akikimbia.

"Yule mwenzake, Mzee. Pacha wake. Lazima wafanane."

"Elfu sitini."

"Jana alikuwa kumi."

"Jana hukuwa umerudi. Mtu akinunua ng'ombe kwangu leo, kesho akarudi mbio kuuliza ndugu yake, mimi najua kule kuna maziwa." Mzee akafunika kopo kwa kiganja. "Sasa niambie ukweli. Kibogoyo umempendea nini?"

Mfaume akaona aibu, akasema. Akaeleza kwamba prosesa hizi hazikupoteza meno. Meno yake yamepandwa kwenye ubao wa seva, na zenyewe zinakuja kuketi juu yake.

"Kwa hiyo yeye anatafuniwa."

"Kama ni kusema hivyo."

"Na kazi anafanya?"

"Kuliko wenye meno wote humo koponi."

Mzee Gerson alicheka mpaka akashika ukuta, na ufizi wake wote ukaonekana, maana yeye mwenyewe alibakiwa na magego mawili. Lakini bei haikushuka. Mfaume alitoa elfu sitini, na iliuma.

Jumamosi asubuhi video ilikuwa tayari. Alipeleka kompyuta ndogo sebuleni kwa mzee, Bi Gaudensia akaketi na kanga zake za safari. Ibada ilipita, ngoma zikapita. Kisha ikaja sehemu ambayo Mfaume angeikata kama angepata muda. Wageni wanakula, kamera imesahauliwa mbele ya meza kuu. Bi Gaudensia anavuta sahani ya mumewe, anachambua nyama nyuzi kwa nyuzi, anailainisha kwa mchuzi, anairudisha. Yake mwenyewe imeshapoa. Gerson wa kwenye video anakula huku akiongea na watu, wala hatazami.

"Rudisha hapo," alisema Mzee Gerson.

Mfaume alirudisha. Mzee akatazama mara ya pili, akavua kofia.

"Mama Valentino," alimgeukia mkewe, "hivi unanifanyia kila siku?"

"Tangu meno yaanze kukutoka," alisema Bi Gaudensia. "Mwaka wa kumi na moja huu."

Mzee akamtazama mkewe. Ilionekana wazi kwamba anaona aibu na kwamba anampenda. "Wabeja," akamshukuru. Kisha akainuka. "Nisubiri, tunaondoka wote. Na Ziba nitapitia mnadani. Mama yako bado ananidai ng'ombe watano."

"Nani amekudai?"

"Mimi."

Alimlipa Mfaume bahasha ya kazi yake, na Mfaume akasahau kuihesabu. Alitembea hadi nyumbani Ng'ambo. Tunu alikuwa anageuza michembe juu ya seva, ambayo sasa ilikuwa na joto zuri.

"Tunu. Ile mahari. Nilipunguza ngapi vile?"

Tunu hakuinua macho. "Laki mbili na arobaini."

Mfaume alifungua mdomo kwa mazoea, akaufunga. Akaiweka bahasha juu ya michembe.