Pua ya Simbilisi

Asubuhi nilipanda treni bila kujua nitashuka wapi, nikashukia Malampaka. Barazani kwa mama mwenye nyumba ya wageni palikuwa na kiroba cha nyasi kavu za simbilisi wake, wale panya wa kufugwa wasio na mkia. Nikainama kunusa.

Utotoni, simbilisi wangu waliishi jikoni kwa bibi. Siku moja, kwa uvivu, niliwakatia nyasi kando ya shamba la pamba. Bibi alizinusa, akazitupa chooni.

"Zina dawa ya pamba. Wewe ungezila?"

"Mimi si simbilisi, bibi."

"Na wao wana nani mwingine wa kuwanusia?"

Nilitembea hadi bondeni, nikakata nyingine, tukazianika kivulini zisishike ukungu. Hakufa hata mmoja.

"Mgeni, unanusa nini humo?" mama akauliza.

"Ni safi," nikamjibu, nikapokea ufunguo.